Kuoka utando wa kioo wa chipu bila kuupasua: mwongozo wa maabara ndogo ya Mbeya

Utando wangu wa kwanza niliutoa kwenye kizungushio nikausukumiza moja kwa moja ndani ya tanuri lililokuwa tayari kwenye nyuzi 400. Nilipofungua mlango, juu ya silikoni palikuwa na kitu kama majaruba ya Mbarali mwezi wa Oktoba: nyufa kila upande, vipande vimekunja kingo. Kazi ya siku mbili, kwisha. Nikaulaumu moto, kumbe nilikosea. Utando uleule ukipandishwa taratibu hufika nyuzi 400, hata 900, ukiwa mzima. Kilichouua wa kwangu ni maji yaliyokosa muda wa kutoka.

Naandika kwa ajili ya walimu wa fizikia na kemia, mafundi wa maabara na wanachuo wa huku Nyanda za Juu Kusini wanaotaka kuona kwa macho yao joto linaufanyia nini utando wa kioo, ule unaotenganisha waya ndani ya chipu. Chipu yenyewe hutaitengeneza. Utatengeneza utando mmoja, utauoka kwa ngazi, na utapima kilichobadilika. Nyuzi zote humu ni za Selsiasi.

Jua kwanza unachokioka

Ndani ya chipu kuna ghorofa za waya mwembamba wa alumini au shaba, na kati ya ghorofa na ghorofa kuna kioo cha silika, yaani silikoni iliyoungana na oksijeni. Kioo hicho hupatikana kwa njia kadhaa. Unaweza kuichoma silikoni yenyewe kwenye oksijeni au mvuke, kati ya nyuzi 900 na 1200, mpaka uso wake ugeuke kioo. Ndiyo njia ambayo Carl Frosch na Lincoln Derick wa Bell Labs, Marekani, waliichapisha mwaka 1957. Unaweza kukishusha kutoka kwenye gesi. Au unaweza kumwaga kimiminika, ukakizungusha kitandazike, kisha ukakioka. Sisi tutafuata hii ya mwisho, maana nyingine zinadai mitambo ambayo bei yake sitaki hata kuitaja.

Kioo kilichooteshwa kwa kuchoma silikoni ndicho kipimo chetu cha ubora. Uzito wake ni kama gramu 2.2 kwa sentimita ya ujazo. Namba yake ya k, inayoonyesha kihami kinaiongezea kapasita (kifaa cha kutunza chaji ya umeme) uwezo wake mara ngapi kuliko ombwe, ni 3.9. Kila utando tutakaouoka tutauuliza: umeukaribia huo kiasi gani?

Kimiminika chetu kinaanzia kwenye TEOS, majimaji yasiyo na rangi ambayo kila molekuli yake ina atomu moja ya silikoni iliyozungukwa na matawi manne ya ethoksi. Ukiichanganya na maji yenye asidi kidogo, matawi hayo huanguka na mahali pake hukaa vikundi vya hidroksili, oksijeni na hidrojeni. Hidroksili mbili zikikutana hushikana: oksijeni moja inabaki kama daraja kati ya silikoni mbili, na molekuli moja ya maji inatoka. Hapa ndipo wengi wanapopotea. Wanadhani wanakausha maji waliyoyamimina, kumbe utando unatengeneza maji mapya kadiri unavyoiva. Kwenye nyuzi 300 bado unayatoa.

Kwa nini tuyahofie? Maji yana k ya karibu 80. Yakibaki kidogo tu ndani ya utando, k ya utando inapanda, umeme unavuja, na baadaye waya unaliwa na kutu.

Aliyewahi kusimama soko la Lyulilo, kule Matema, akawatazama akina mama wa Kikisi wakipanga vyungu vyao, hahitaji maelezo marefu. Chungu kibichi hakiendi motoni siku kilipofinyangwa. Kinaanikwa kwanza, na hata kikishakuwa kikavu mkononi bado udongo una maji mengine yaliyofungwa ndani yake, ambayo hayatoki mpaka moto uwe mkali kweli. Utando wetu una tabia hiyohiyo, ila unene wake ni sehemu ya elfu kadhaa ya milimita.

Vifaa

TEOS na silikoni utaagiza. Vingine vipo sokoni Mwanjelwa, hapa Mbeya mjini. Tafuta vipande vya silikoni iliyong'arishwa, daraja la majaribio, na useme unataka yenye ukinzani mdogo, chini ya omu-sentimita 0.02. Vipande vya sola iliyovunjika havifai, kwa sababu uso wao una makwaruzo ya makusudi na tayari umepakwa kitu kingine. Vioo vya hadubini navyo sivipendekezi. Mwanga hupita ndani yao karibu sawa na ndani ya silika, hivyo rangi za utando hutaziona. Isitoshe vina sodiamu nyingi na huanza kulegea kabla hujafika kwenye nyuzi za juu.

Feni ya kompyuta ya volti 12 ndiyo kizungushio. Uwe na jiko la umeme la sahani, kipande cha chuma bapa cha kuweka juu yake, thamokapo ya multimita (waya wa kupimia joto), tanuri la umeme linalofika nyuzi 900 au zaidi, na multimita yenye kipimo cha kapasita. Maji yawe yaliyotoneshwa. Ya kuongezea betri ya gari yanakubalika kwa kuanzia, lakini soma chupa vizuri, maana dukani maji na asidi ya betri hukaa rafu moja.

Naulizwa sana: kwa nini tusitumie ile silikati ya watengeneza sabuni, ambayo ni rahisi na inapatikana? Kwa sababu ni silikati ya sodiamu. Inatoa utando mzuri wa kutazama, ila sodiamu ni adui mkubwa wa kioo cha chipu. Ioni zake hutembea ndani ya kioo pakiwa na joto na volti, na kila zinapohama tabia ya transista, zile swichi ndogo za umeme ndani ya chipu, inahama nazo. Miaka ya 1960 tatizo hilo liliwatesa sana watengenezaji wa transista, na sehemu ya uchafu wenyewe ilikuwa jasho la mikono. Basi vaa glavu. Na aliyetoka kula karanga za chumvi akanawe kwanza. Nasema hivi kwa sababu imetokea.

Hatua ya 1: Kuchanganya

Fungua madirisha na uvae miwani. Mvuke wa TEOS unaumiza macho na mapafu, nayo inashika moto, sawa na ethanoli. Hapo mezani pasiwe na jiko linalowaka.

Kwenye chupa safi weka mililita 20 za ethanoli halisi (spiriti ya zambarau ya dukani haifai) na mililita 10 za TEOS. Koroga. Ongeza tone kwa tone mililita 3.2 za maji yenye asidi hidrokloriki ya mola 0.1. Vipimo hivyo vinakupa takriban molekuli nne za maji kwa kila molekuli ya TEOS. Koroga saa mbili, funika, acha mpaka kesho yake. Kikiwa wazi kama maji, kiko tayari. Kikianza kuteleza kama uteute wa mlenda, kimepita wakati, kimwage kwenye chombo cha taka za kemikali.

Hatua ya 2: Kuzungusha

Osha silikoni kwa sabuni ya maji, suuza kwa maji yaliyotoneshwa, kisha ethanoli, ikauke. Ibandike katikati ya feni kwa utepe wa gundi pande mbili, uweke feni ndani ya boksi. Dondosha kimiminika kwa bomba la sindano hadi kifunike uso wote, washa sekunde 30. Utaona miviringo ya rangi ikikimbia kutoka katikati kwenda nje, halafu inatulia.

Tukiwa Mbeya, karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, ethanoli huchemka kwenye nyuzi 73 au 74 badala ya 78, na hukauka haraka kuliko vitabu vilivyoandikwa pwani vinavyodai. Utando ukikauka kabla haujasambaa unapata mistari kama miale ya jua. Dawa yake ni kufunika boksi ili mvuke wa ethanoli ubaki humo humo. Siku za mvua kubwa usizungushe. Kwa walio Tukuyu, mji wa mvua nyingi, hiyo ina maana ya kungoja miezi, najua.

Hatua ya 3: Kuoka kwa ngazi

Hii ndiyo hatua niliyoiruka siku ile.

Weka chuma bapa juu ya jiko, banza thamokapo juu ya chuma, na usiamini namba za kitufe cha jiko. Anza na nyuzi 80 kwa dakika mbili, uende 150 kwa dakika mbili, kisha 250 kwa dakika mbili. Viwandani, kwa vioo vya aina hii, ngazi hufanana na hizi, ila dakika moja moja hutosha kwa sababu majiko yao yanashika joto sawasawa uso mzima. Sisi tujiongezee.

Kila ngazi ina kazi yake. Kwenye 80 ethanoli inaondoka, utando bado ni mlaini na unaweza kujinyoosha. Kwenye 150 maji yaliyokuwa huru yanatoka, na hidroksili zilizo karibukaribu zinaanza kushikana kwa wingi. Kwenye 250 mifupa ya kioo imesimama: ukigusa kwa ethanoli, utando hauyeyuki tena. Ukiruka ngazi, uso wa juu unaiva na kufunga kabla ya tumbo, na mvuke ulio tumboni utatafuta njia yake mwenyewe.

Andika rangi unayoiona baada ya kila ngazi, ukitazama kutoka juu wima chini ya taa nyeupe. Kwenye silikoni, kioo cha nanometa 300 (nanometa ni sehemu ya milioni ya milimita) huonekana bluu inayoelekea zambarau, cha 250 rangi ya chungwa, cha 200 dhahabu hafifu, cha 150 bluu ya kung'aa kama chuma, na cha 100 zambarau iliyokoza. Rangi inatokana na mwanga unaorudi kutoka juu ya utando kukutana na ule uliorudi kutoka chini. Kwa hiyo utando unaponywea, rangi husogea mbele kwenye orodha hiyo, kuelekea namba ndogo. Mwanafunzi akishauona utando wa bluu ukigeuka wa chungwa juu ya jiko, huna haja ya kumbembeleza aamini kwamba kioo kinanywea. Ila orodha ni ya kioo kilichoshikamana vizuri. Utando mbichi wenye vitundu unakuwa mnene kidogo kuliko rangi yake inavyodai.

Hatua ya 4: Kuchoma

Ingiza kipande kwenye tanuri lililo baridi. Pandisha nyuzi 3 kwa dakika mpaka 400, shikilia saa moja, zima, usifungue mlango mpaka lishuke chini ya 100. Umeme ukikatika njiani, liache lilivyo lipoe lenyewe, halafu anza upya kutoka chini. Utando hautadhurika kwa kurudia, utadhurika kwa pupa ya kutaka kufidia muda.

Kwa nini 400, wakati tanuri linafika 900? Kwa sababu ya kilicho chini ya kioo kwenye chipu halisi. Alumini inayeyuka kwenye nyuzi 660, na ikigusana na silikoni mchanganyiko wao huyeyuka kwenye 577. Mbali kabla ya hapo, karibu na 450, silikoni huanza kuingia ndani ya alumini kiasi cha kuharibu maungio, na alumini yenyewe, kwa kuwa inatanuka karibu mara tisa kuliko silikoni, inabanwa mpaka inaota vichuguu vinavyotoboa kioo. Ndiyo maana kioo kinachowekwa baada ya waya hupikwa kwa kawaida kati ya nyuzi 400 na 450, ingawa kila mtu anajua hapo hakijaiva kabisa. Kioo kinachowekwa kabla ya waya kina uhuru zaidi. Kile chenye fosforasi na boroni, kwa mfano, hupashwa kati ya nyuzi 800 na 950 mpaka kinalegea na kujaza mabonde.

Kama una vipande vya kutosha, kimoja kiishie 250, kimoja 400, kimoja 700, kimoja 900. Usisahau kipande kitupu, kisicho na utando, kiende pamoja na kile cha 900. Silikoni iliyo wazi kwenye hewa ya moto namna hiyo huota kioo chake yenyewe, na usipojua kimeota kiasi gani utausifia utando kwa kazi isiyo yake.

Kuna vimiminika vya viwandani ambavyo badala ya hidroksili tupu vina vikundi vya methili, yaani kaboni na hidrojeni. Hivyo hupasuka kwa shida, na k yake inaweza kushuka chini ya 3. Lakini methili ikiungua hewani, mahali pake hukaa hidroksili, na utando uliokuwa unakataa maji unaanza kuyanywa. Hivyo huchomwa ndani ya nitrojeni. Ukipata chupa ya namna hiyo, jaribu tone la maji: kabla linasimama kama juu ya jani la gimbi, baada ya kuchomwa hewani nyuzi 500 linatandaa.

Nyufa zikitokea

Utando umegandia silikoni, hivyo hauwezi kunywea kwa upana, unanywea kwa unene tu. Upana uliokatazwa kunywea unabaki kama mvutano ndani yake. Turudi kwenye majaruba: tope jembamba juu ya jiwe hukauka bila ufa, tope nene lazima lipasuke. Utando wetu wa TEOS huwa salama kwenye nanometa mia mbili tatu. Ukikaribia 500 kwa mkupuo mmoja, hesabu nyufa. Ukitaka unene, paka, oka, choma, kisha paka tena juu yake.

Nyufa zilizonyooka na kukutana kwa pembe zinatokana na unene. Malengelenge yanatokana na kuruka ngazi. Vitundu vidogo kama vya sindano ni vumbi, na huku kiangazi vumbi halina dawa zaidi ya kitambaa chenye maji sakafuni na subira.

Hatua ya 5: Kupima

Viwandani hulinganisha vioo kwa kuangalia kinaliwa haraka kiasi gani na asidi hidrofloriki. Kilichoiva vibaya huliwa upesi. Usithubutu. Asidi hiyo hupenya ngozi mpaka mfupani, mara nyingine bila maumivu ya mwanzo. Sisi tutatumia kapasita.

Weka nukta ya rangi ya fedha inayopitisha umeme, ile ya kutengenezea waya za kioo cha nyuma cha gari, yenye kipenyo cha milimita 2. Kwaruza mgongo wa silikoni, paka rangi hiyohiyo huko. Pima kati ya pande mbili. Kwa utando wa nanometa 200 wenye k ya 4, hesabu inadai pikofaradi 556 hivi. Ukiwa na k ya 6, itakuwa 834. Weka nukta kumi, kwa sababu kadhaa zitaangukia kwenye vitundu na multimita italia kama waya umeshikana.

Hapa kuna mtego uliowahi kunifanya nitangaze habari njema ya uongo. Utando ukinywea kutoka nanometa 250 hadi 200, kapasita inapanda kwa robo nzima hata kama k haijasogea. Kwa upande mwingine maji yanapotoka, k inashuka. Mambo mawili yanavutana ndani ya namba moja. Bila unene hujui lolote kuhusu k, kwa hiyo rudi kwenye daftari la rangi kabla ya kuchora grafu.

Pima kipande cha 400 kikiwa bado na joto la tanuri, halafu kesho, halafu baada ya wiki moja mezani. Namba itapanda, na wakati wa mvua itapanda zaidi. Kwenye nyuzi 400 hidroksili nyingi zimebaki na vitundu havijafunga, kwa hiyo utando unanywa unyevu wa hewa. Vile vipakiti vya chembechembe vilivyoandikwa usile, vinavyokuja na viatu vipya, ni silika ya ukoo huohuo, imeachwa makusudi na vitundu na hidroksili ili inywe maji. Kipande cha 900 kikiwekwa pembeni yake hakisogei sana, maana vitundu vimefunga na hidroksili karibu zote zimekwisha.

Kilichonywa maji hakijaharibika. Kirudishe kwenye sahani ya nyuzi 200 kwa nusu saa, pima tena kabla hakijapoa kabisa, kisha kihifadhi kwenye kopo lenye mfuniko pamoja na vipakiti vya viatu. Vipakiti navyo vikichoka, vikaushe kwenye nyuzi 120 saa mbili, ukimwaga kwanza chembechembe zake kwenye sahani ya bati, kwa sababu karatasi ya kipakiti haitastahimili.